Nikimsikiliza kaka yangu, si nitakuwa nimekubali?

SWALI: Mwalimu shikamoo. Baba yetu alifariki mwaka jana hapa Tanga. Arobaini ilipofika tukataka kusoma hitma kama kwetu ilivyo siku zote, kaka yangu mkubwa akakataa, akasema hitma na maulidi ni bidaa na yeye hatakanyaga. Tukagombana kwenye grupu la familia, yakatoka maneno mazito. Huyu kaka ndiye alonisomesha. Sasa hauli, ile kumbukumbu ya mwaka, inakuja na mama kila siku analia. Watu wananiambia nimsikilize kwanza. Lakini nikimsikiliza kwa moyo wote, si ni kama nimekubali kwamba baba na mababu zetu wote walipotea? Na kama kati yetu hakuna atakayebadilika, mazungumzo ya nini?

JIBU: Marahaba dada yangu, na poleni sana kwa msiba, Mungu amrehemu mzee.

Niseme mapema kabisa, mi nafundisha falsafa, sio shehe, kwahiyo suala la hitma ni bidaa (yaani uzushi kwenye dini) au sio bidaa siligusi, hilo lina wenyewe na mnao hapo Tanga wa kutosha. Ila ulichouliza sio fikihi, sio sheria za dini. Umeuliza kitu ambacho wanafalsafa wamekihangaikia tangu enzi za Socrates wa Ugiriki ya kale, yaani mtu anaweza vipi kumfungulia mlango mtu anayempinga bila kujipoteza mwenyewe, na mimi nalichukulia swali lako kwa uzito wote manake naona familia nyingi zinavunjika hapo hapo ulipo wewe, na zinavunjikia kwenye simu, sio hata uso kwa uso.

Tuanze na hofu yako, kwamba kusikiliza ni kukubali. Tarehe 18 Aprili 1957 kwenye Chuo Kikuu cha Michigan, pale Ann Arbor Marekani, walikaa watu wawili mbele ya hadhira wakaongea na maongezi yao yakarekodiwa. Mmoja ni Martin Buber, mwanafalsafa wa Kiyahudi mzaliwa wa Vienna, wakati huo ana miaka 79, yule aliyeandika mwaka 1923 kwamba mtu ana namna mbili za kusimama mbele ya mwenzake, ama amfanye kitu cha kutumia, kupima na kupanga, ama amkabili kama nafsi kamili inayomwambia jambo. Mwingine ni Carl Rogers, mwanasaikolojia wa Marekani, miaka 55, ambae sifa yake yote ilijengwa juu ya kusikiliza. Sasa Rogers akaleta jambo lake analoliamini sana: ukimpokea mtu vile alivyo, bila kumhukumu, kule kupokelewa ndiko kunampa nguvu ya kubadilika. Ungetegemea Buber aseme sawasawa, si ndo mzee wa mazungumzo mwenyewe. Hakusema hivo. Alisema kumpokea mtu alivyo ni mwanzo tu, kuna jambo zaidi ya hapo, nalo ni kumthibitisha, yaani kumwona mtu na yale yote anayoweza kuwa, na hilo wakati mwingine linamaanisha kumsaidia apambane na nafsi yake mwenyewe.

Nakaa sana kwenye maongezi haya kwasababu yanajibu hofu yako kuliko chochote nilichowahi kusoma. Buber anakwambia unaweza ukampinga mtu kwa nguvu zako zote na bado ukawa umemkabili kama mtu, na pia unaweza ukamkubalia kila kitu, ndio kaka, sawa kaka, na usiwe umekutana nae hata kidogo. Kukubali na kukutana ni mambo mawili tofauti. Dada anayemwambia kaka yake "hapa sikubaliani na wewe hata chembe, lakini nieleze tena, nataka nijue unaona nini ambacho mi sikioni" huyo hajasalimu amri. Na anayenyamaza akitikisa kichwa huku moyoni anasubiri kaka amalize aondoke, huyo hajasikiliza chochote.

Ila sasa nisikudanganye, manake kuna watu watakwambia kusikiliza hakuna gharama. Kuna gharama. Hans-Georg Gadamer, mwanafalsafa wa Kijerumani aliyeishi karne nzima na zaidi kidogo (alizaliwa 1900 akafariki 2002), kwenye kitabu chake kikubwa cha 1960 anasema mazungumzo ya kweli hakuna anayeyaendesha, yanawachukua wote wawili, na mnapoanza hakuna anayejua yatatoa nini. Na anasema swali la kweli ni lile ambalo jibu lake muulizaji hanalo bado. Kwahiyo ukimuuliza kaka yako "hivi kwanini unaona hitma haimfai baba?" na unauliza kweli, kuna uwezekano, hata kama ni mdogo, kwamba atasema kitu kitakachokusumbua. Hiyo ndo gharama. Imani yako unaiweka mahali ambapo mwenzako anaweza kuigusa. Hujaiacha, iko mkononi kwako, lakini umeacha kuificha. Na yeye pia akikuuliza hivo hivo anaingia kwenye hatari ile ile, na ndo maana watu wengi, hata wasomi wakubwa, wanapenda kubishana kuliko kuongea, kwenye ubishi hauhatarishi kitu, ukishindwa unasema tu jamaa alikua na mdomo.

Buber aliligawa hili vizuri kwenye maandishi yake mengine, akasema kuna mazungumzo ya kweli, kuna mazungumzo ya kupashana habari tu (mchele umenunuliwa, hema limelipiwa), na kuna watu wanaoongea kila mtu na nafsi yake huku wanadhani wanaongea na mwenzao. Ugomvi wenu wa kwenye grupu, kwa ulivyonieleza, ni huo wa tatu. Sikulaumu. Grupu la familia lina shangazi, lina mabinamu, lina watu wamekaa kimya wanasoma tu, na mtu akishaona anasomwa na watu 40 hawezi tena kusema "hapo una pointi", atajibu ili asionekane ameshindwa. Mazungumzo ya aina hii hayafanyiki kwenye grupu dada yangu, yatoe huko leo hii, na yasiwe ya meseji za sauti za dakika 6 pia, manake ile nayo ni hotuba, huwezi kumkatiza mtu ukamuuliza "hapo una maana gani".

Sasa mkishakaa, unafanyaje? Gadamer aliokota jambo moja kwa Plato, mwanafunzi wa Socrates, kwamba anayejua kuongea hatafuti udhaifu wa maneno ya mwenzake, anayatafutia nguvu. Yaani kabla hujajibu, ichukue hoja ya kaka yako uiseme wewe, kwa mdomo wako, vizuri kuliko alivyoisema yeye, mpaka yeye mwenyewe aseme ehee, ndo hicho hicho. Ukishindwa hapo ujue ulichokua unapinga muda wote sio anachoamini yeye ila sanamu lake ulilolichonga mwenyewe. Na ujaribu kweli, kwasababu mi sijui kaka yako anawaza nini, na wewe pia kwa ukweli hujui. Umeniandikia kwamba anasema baba na mababu walipotea. Amesema hivo? Au amesema hitma ni bidaa, alafu hiyo nyingine umeimalizia wewe kwa uchungu? Kuna umbali mkubwa hapo. Inawezekana kabisa kaka yako anachokiogopa ni kwamba mtatumia pesa na nguvu kwa kitu ambacho kwa imani yake hakimfikii baba, wakati baba anahitaji kinachomfikia. Ikiwa ni hivo basi nyote wawili mnagombania kumtendea wema mtu mmoja, na hilo halijawahi kusemwa kwenye hilo grupu lenu hata mara moja. Inawezekana pia sio hivo. Muulize.

Plato huyo huyo ametuachia mfano wa mambo yakiharibika. Kwenye maongezi yake yanayoitwa Gorgias, Socrates anasema yeye ni mtu anayefurahi kusahihishwa akikosea, wala si chini ya anavyofurahi kumsahihisha mwingine, manake kuondolewa kosa ni faida kubwa kuliko kumwondolea mtu. Maneno mazuri. Lakini humo humo anabishana na kijana anaitwa Callicles, anambana kila kona, mpaka Callicles anakasirika anakataa kujibu, afu Socrates anabaki anajiuliza mwenyewe na kujijibu mwenyewe. Hoja zake ni nzuri, mi nazikubali karibu zote, lakini mtu ameshampoteza. Nakuomba uusome ule mfano kama onyo kwako wewe uliesoma, kwasababu ukiniandikia naona una akili na una maneno, na mtu mwenye maneno anaweza akambana kaka yake akanyamaza akadhani wamemaliza.

Na msiseme haya ni mambo ya Wagiriki na Wazungu. Nyie wa pwani ni watu wa madhehebu ya Shafi kwa mamia ya miaka, basi chukueni kwa Imam Shafi mwenyewe, aliyefariki Misri mwaka 820. Mwanafunzi wake mmoja, Yunus as-Sadafi, alisimulia, na Dhahabi, mwanahistoria wa Kiislamu, akaliandika, kwamba siku moja walijadiliana jambo, wakaachana hawajakubaliana, kisha Imam alipokutana nae akamshika mkono akamwambia, ewe Abu Musa, si ni sawa tukawa ndugu hata kama hatukuafikiana kwenye suala moja? Angalia vizuri lilivyokaa. Hakusema suala lile ni dogo. Hakusema kila mtu ana ukweli wake. Mjadala ulifanyika mpaka mwisho, hakuna aliyejifanya amekubali, na ule mkono ukashikwa baada ya mjadala, haukushikwa ili kuukwepa. Nadhani hata kaka yako hawezi kuwa na neno juu ya Imam Shafi, na inaweza ikawa mahali pazuri pa kuanzia.

Tena kingine ambacho kitakusaidia. Watu wa kwenu huenda wanamwona kaka amepotoshwa alikoenda kusoma, na yeye anawaona nyinyi mnafuata mazoea tu. Zote mbili sio kweli. Huu mjadala una karibu miaka 100 hapa hapa pwani, kwa Kiswahili, na kati ya wanazuoni wetu wenyewe. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa alianzisha gazeti lake la Sahifa mwaka 1930 na Al-Islah mwaka 1932, akawa anaandika juu ya mambo aliyoona hayamo kwenye dini, na huyu alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya kuanzia 1937 mpaka alipofariki 1947. Baadae akaja Sheikh Abdallah Saleh Farsy wa Unguja, yule aliyetafsiri Qurani kwa Kiswahili, nae akaandika dhidi ya bidaa. Na upande wa pili Lamu, Msikiti wa Riyadha wa Habib Saleh wameshikilia maulidi yao kila mwaka mpaka leo na wanazuoni wao wana hoja zao. Kwahiyo kaka yako ana ukoo wa fikra na wewe una ukoo wa fikra. Ukimwona hivo, huwezi tena kumchukulia kama mgonjwa anayetakiwa kuponywa, na ukishaacha kumchukulia kama mgonjwa nusu ya kazi imeisha.

Sasa nije kwenye sentensi uliyoipitisha haraka haraka, "huyu kaka ndiye alonisomesha". Mi naona hapo pana jambo. Rudi Ann Arbor kidogo. Rogers alisema yeye na mgonjwa wake wanapokutana kweli wanakua sawa, Buber akamkatalia, akamwambia hamko sawa na hamuwezi kuwa sawa, yeye amekuja kwako kutafuta msaada na wewe hukwenda kwake, hilo haliondoki kwa nia njema. Rogers hakuridhika na jibu hilo, lakini mimi naona mzee hapo alikua sahihi. Wewe na kaka yako hamko sawa. Yeye ni mkubwa, mwanaume, alikulipia ada, na ukimpinga kuna sauti mahali fulani inasema huna shukrani, na inawezekana yeye nae anaisikia hiyo hiyo, anaona huyu nimemsomesha mimi leo ananisomea mimi. Msipolitaja mtakua mnaongea hitma huku mnagombania heshima. Litaje wewe, mapema, kwa adabu yote ya mdogo kwa mkubwa: "kaka, ulivyonifanyia siwezi kulipa na nisingependa kupingana kwangu na wewe ukuone kama kusahau." Ukishasema hivo una haki ya kupinga. Na kama ukiona hata baada ya hapo hakuruhusu kumaliza sentensi, basi tafuta mtu wa tatu ambae ana umri wa kumnyamazisha, baba mdogo au mjomba, sio akuamulie, akupe tu nafasi ya kusikika.

Swali lako la pili, kama hakuna atakayebadilika mazungumzo ya nini. Hapa namchukua mwalimu wetu mkubwa wa falsafa ya Afrika, Kwasi Wiredu wa Ghana, aliyefariki 2022. Alikua anaandika juu ya jadi ya wazee kukaa na kuongea mpaka waelewane, na kati ya aliowanukuu ni Mwalimu Nyerere, ambae nae alinukuu ule usemi kwamba wazee hukaa chini ya mti mkubwa wakaongea mpaka wakubaliane. Watu wengi wakisikia hivo wanafikiri mwisho wa kikao wote wanaamini kitu kimoja. Wiredu anasema hapana, wanachokubaliana ni nini kifanyike. Kila mtu anaweza kurudi nyumbani na imani yake ile ile juu ya lipi ni kweli na lipi ni jema, ila kwa hiari yao wameweka pembeni tofauti ile ili tendo lifanyike pamoja. Anatumia mfano wa Waakan, watu wa kwao Ghana, wa mamba mwenye vichwa viwili na tumbo moja, vichwa vinanyang'anyana chakula wakati kinakwenda tumbo hilo hilo.

Alipingwa, na ni haki mtu kupingwa kwa kitu kama hicho. Emmanuel Eze wa Nigeria alimwambia, mbona unasahau kwamba wazee wale hawakushinda kwa hoja tupu, walikua na mizimu, na hadhi, na utakatifu wa kiti cha utawala nyuma yao. Na mimi naongeza, sio kila tumbo ni moja. Kuna migogoro ambayo kichwa kimoja kinashiba na kingine kinakufa njaa, na hapo kuambiana tuweke tofauti pembeni ni kumwambia mnyonge anyamaze. Lakini hauli ya baba yenu sio mgogoro wa namna hiyo, hapa Wiredu anakufaa kabisa. Ligaweni jambo. Kuna kisomo, hapo mnapingana. Kuna sadaka kwa niaba ya marehemu, na kumwombea dua mzazi, haya sijawahi kukutana na mtu wa upande wowote anayeyakataa. Kuna kukaa na mama. Kuna deni la baba kama alikua nalo. Kuna kaburi. Inawezekana nyinyi mkasoma siku yenu na kaka asiwepo bila mtu kumnunia, na yeye akalipia chakula cha yatima au kisima kwa jina la baba, na wote mkawepo kwa mama siku inayofuata. Mi siwapangii, mtapanga wenyewe, nachosema ni kwamba hakuna hata mmoja wenu aliyehitaji kubadili imani kufika hapo, ila msingeweza kufika bila kuongea, kwasababu bila kuongea msingejua mstari wa kila mtu unapita wapi hasa.

Na kama akikataa kabisa kukaa? Inatokea. Novemba 1938, wiki chache tu baada ya Wayahudi wa Ujerumani kuvunjiwa maduka na kuchomewa masinagogi, Gandhi aliandika kwenye gazeti lake la Harijan akiwashauri wapinge kwa njia yake ya amani. Buber alimheshimu sana Gandhi, na lilimuuma. Akamwandikia barua ndefu kutoka Jerusalem, Februari 1939, akieleza kwanini hakubaliani, na ndani yake anasema ameiandika polepole, siku zikipita kati ya aya na aya, akijichunguza kama anajitetea yeye na watu wake tu au anasema haki. Jibu kutoka kwa Gandhi halijulikani kuwepo. Buber hakuacha kuongea na wanaompinga, kwani mwaka 1942 alikua kati ya walioanzisha kikundi cha Ihud kilichotaka Wayahudi na Waarabu waishi kwenye nchi moja kwa haki sawa, na akapingwa sana na watu wake mwenyewe. Kwahiyo ukiandika ukanyamaziwa, andika hata hivo, na uandike namna ile, kwa kujichunguza, sio usiku umekasirika.

Lakini kabla ya kaka, mtu ambae hajaulizwa kitu kwenye hii stori yote ni mama. Umesema analia, hujasema anataka nini. Mlikua mnamgombania mumewe juu ya kichwa chake. Kaa nae mkiwa wawili tu, muulize siku ya hauli angependa ipite vipi, na hitma kwake ni nini hasa, ni kisomo chenyewe, au ni nyumba kujaa watu, au ni kuona wanae wote kwenye mkeka mmoja, na usimsaidie kujibu. Akishakwambia ndo umpigie kaka umwombe siku, na cha kwanza kumwambia mkikaa kiwe hicho alichosema mama, kwa maneno ya mama, kabla ya hoja yako yoyote.